Mto Unaobisha Hodi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Neema, wewe mdogo wangu unayemsomea mama, msomee mpaka mwisho, usirukeruke, na akianza kupiga kelele ungoje anyamaze. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu angenikatia katikati.

Goti linaendeleaje? Na michungwa ya nyuma ya nyumba, imezaa? Mimi ni mzima kabisa. Hilo lishike kwanza.

Tangu baba azame ziwani na mtumbwi wa machungwa, umekuwa ukimwomba Mungu anipeleke mbali na maji. Nilipopangiwa kufundisha Dodoma ulipiga vigelegele: nchi kavu! Mama, nilikuficha jambo. Mji huu mdogo, mbele ya Mvumi, uko kando ya mto. Niliposema huku hakuna maji sikudanganya sana, maana mto wenyewe ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kuliko uwanja wa mpira, na miamba imekaa humo kama ng'ombe waliolala. Wanawake huchimba visima humohumo mchangani na kuteka kwa kata. Watu hukatiza, mbuzi hukatiza, hata maharusi hukatiza. Nikajiambia, mto gani huu?

Wenyeji wanasema mto ni shangazi. Mwaka mmoja wa njaa alikuja kuwatembelea nduguze, wakajifungia ndani, hata kiti hawakumpa. Akaondoka na maji yake. Tangu hapo huja ghafla, kwa hasira, wala hakai. Ila kwa kuwa ni ndugu, hubisha hodi kwanza. Unanijua kwa maswali. Nikauliza: hodi hiyo ikoje? Alinyimwa kiti nyumba ya nani? Kila mzee alinipa jibu lake, wawili wakagombana mbele yangu. Mama Ndahani, mwenye nyumba wangu, akachoka nami. "Mwalimu, nenda kakione hicho kiti. Alijiwekea mwenyewe, kipo katikati ya mto."

Jumamosi moja, jua la utosi, nikaenda na daftari. Kweli lipo jiwe kama kigoda, limelainika juu. Nikiwa nalichora nikasikia ngoma kwa mbali, upande wa juu wa mto, kisha nyingine karibu zaidi. Nikaandika: "Ngoma, mchana, huenda harusi." Ukurasa huo nauficha mpaka leo nisichekwe.

Kumbe ndiyo hodi yenyewe. Mvua hunyesha vilima vya mbali, sisi huku hatuoni hata wingu. Kijiji cha juu wakiona maji, wanawake hupiga muheme, ngoma ile wanayoibana mapajani. Kijiji kinachofuata wanadaka, hadi kwetu. Mtu wa kisiwani ningejuaje? Maji ya kwetu hayasafiri, yapo tu.

"Mwalimu, toka! Mto unakuja!" Mama Ndahani alikuwa ukingoni na ngoma yake. Nikacheka. Halafu nikaona povu linatambaa mchangani, limebeba vijiti na mavi ya mbuzi, polepole kama uji uliomwagika. Nyuma yake maji ya kahawia yananguruma. Mama, nilikimbia. Zile ndala ulizoninunulia Nansio, moja imekwenda na shangazi.

Usilie. Neema, mrudishe pale nilipoandika mimi ni mzima.

Sasa sikia desturi yao. Aliyetolewa mtoni kwa ngoma hukaa kwenye ngoma naye, mpaka amtoe mtu mwingine. Hakuna anayekulazimisha, lakini hakuna anayekwepa. Nilifundishwa jioni baada ya jioni, mapaja yakachubuka, watoto wakanicheka.

Jumatano iliyopita ngoma ya juu ikalia. Nikapiga. Wanawake wawili wakapanda kutoka visimani, ndoo kichwani, hata hawakukimbia. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo yako ni ya kuita kuku." Wakacheka, nami nikalia mbele yao bila haya. Siku ile ya baba, mama, sisi sote tulikuwa nyumbani tunamenya mihogo. Hakuwa na mtu wa kumpigia.

Mama Ndahani akanifuta machozi kwa khanga yake. "Basi, umeshamaliza. Uko huru, unaweza kwenda zako."

Nikajikuta sitaki kwenda. Masika bado hayajaisha, na ukingo huu wapigaji ni wachache, wengine wameolewa mbali. Najua hutapenda. Ukisema nirudi, nitaomba uhamisho, sitakupinga. Ila kabla hujasema, fikiria wale wawili na ndoo zao.

Msalimie mjomba mvuvi wa dagaa, umwambie huku mto mzima unavukwa kwa miguu. Msalimie shangazi Veronika, dada yake baba. Akija, mpeni kiti upesi.

Neema, ukifika hapa mpe mama maji ya kunywa kwanza, ndipo umuulize jibu.

Ni mimi mwanao wa nchi kavu,
Leticia