Rudisheni Matangazo

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi, na manyunyu yale yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Mlima sijauona tangu Jumanne. Nimewasha jiko la makaa mlangoni, nikafuma mikono miwili ya sweta ya shule, kisha nikaiacha mashine. Huku Majengo mwezi kama huu ndio sisi wafumaji tunakula vizuri, lakini leo sina moyo wa kazi.

Ni Jumapili ya tatu bila simu.

Nieleze, maana wachache mnaosoma hapa hamnijui. Kwa miaka mingi nimekuwa shabiki wa Sufuria Kubwa, yale mashindano ya wapishi kwenye televisheni. Kila Jumapili baada ya taarifa ya habari ya jioni, wapishi wanane, kila mmoja na sufuria yake, na ukumbi mzima wa watu wenye njaa. Muda ukiisha, jaji mkuu, mama mmoja mnene asiyecheka ovyo, aligonga kifuniko kwa mwiko. Alionja kwa kidole. Akisema "chumvi imelala," ujue kuna mtu anarudi kwao.

Msimu huu wamebadilisha kila kitu. Ukumbi umeondolewa, wapishi wanapikia kamera. Mama wa kifuniko amestaafishwa, na mahali pake pamewekwa king'ora. Kipindi kimetolewa kwenye televisheni kikahamishiwa kwenye simu, sehemu zote kumi kwa siku moja, kila mtu atazame apendavyo, bila tangazo hata moja. Wenyewe wanasema wametusikiliza. Sijui walimsikiliza nani.

Mashabiki wamewaka. Kwenye ukurasa wa kipindi, mama mmoja wa Kangema ameandika kwamba tangu kifuniko kiondoke hata ugali wake mwenyewe hauivi. Mwingine anataka tuandamane na sufuria vichwani. Mimi niliandika aya tatu kali za kumtetea jaji, nikapongezwa na watu nisiowajua. Kwa kama nusu saa hivi nilijiona nina wenzangu.

Nilikuwa nadanganya. Sikuwa namlilia jaji.

Ndugu yangu mdogo, Kariuki, anauza vipuri vya magari huko Kenol. Kwa miaka sita, tangazo la kwanza lilipoingia, lile la mafuta ya kupikia, simu yangu ililia. Alitaka kujua namwona nani akitoka. Tulibishana juu ya vitunguu vya watu tusiowajua, dakika tatu hivi, kisha mmoja wetu akasema, "Haya, imerudi," tukakata. Siku nyingine hatukuzungumza. Hata Krismasi tulitumiana ujumbe tu, wa maneno mawili au matatu.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika.

Mama yetu alifia hapa kwangu, siku ya Jumamosi. Alibadilika saa nne asubuhi. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikajiambia nisimshtue Kariuki, ana wateja, ataendesha gari vibaya njiani, na tena Mama alishawahi kuzidiwa hivyo akaamka na kuomba chai. Nilimpigia saa kumi, yote yakiwa yamekwisha. Alipofika nilikuwa nimeshatandua kitanda. Hakunigombeza. Alikaa pale kwenye godoro tupu, akauliza kwa nini sikumpigia mapema, nami nikasema sikupata nafasi.

Nafasi nilikuwa nayo. Saa sita nzima.

Tulikaa miezi bila kuongea. Halafu Jumapili moja, kwenye tangazo, akapiga na kuuliza kama nimemwona yule jamaa aliyeunguza wali. Tangu siku hiyo ni yeye tu anayepiga. Mimi sijawahi. Msimu uliopita, katikati ya mabishano yetu ya pilau, aliniuliza ghafla, "Hiyo siku, Mum aliniulizia?" Nikasikia wimbo wa kipindi. Nikamwambia, "Imerudi." Niliushukuru sana wimbo ule, na shukrani hiyo imeniaibisha mwaka mzima.

Nilidhani nina muda. Jumapili zilikuwa nyingi, na matangazo hayakosi. Kumbe kuna watu mahali wameketi na kuamua kwamba matangazo yanatuudhi.

Leo mchana nilirudi kwenye ule ukurasa, nione kama kuna mtu ameongeza neno chini ya aya zangu. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikaona picha ya gurudumu na jina Kariuki Spea. Ameandika hivi: "Mimi sina maneno na jaji. Rudisheni tu matangazo. Hapo ndio nilikuwa napigia dada yangu."

Watu wamemcheka. Mmoja amesema huyu ndiye binadamu wa kwanza kulilia tangazo la mafuta. Mwingine amemuuliza kama dada hana namba siku nyingine.

Nilianza kuandika jibu chini yake, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nililia kidogo, nikaenda kuongeza makaa, nikarudi. Aliyenyimwa simu ndiye aliyetafuta kisingizio cha kupiga kila Jumapili kwa miaka sita. Mimi niliyemnyima nilikaa hapa nikingoja kupigiwa, na simu zilipokatika Jumapili hizi tatu nikaona ni mimi niliyeonewa.

Saa moja na nusu jioni, saa yetu ya zamani, niliketi mbele ya televisheni ambayo sikuiwasha. Nikangoja muda uleule ambao tangazo la kwanza lilikuwa likichukua kuingia. Kisha nikapiga.

Ililia sana. Nikajua anaitazama. Aliposhika hakunisalimia, wala mimi sikumsalimia.

"Tangazo imeanza?" akauliza.

"Imeanza."

Nikasikia redio ikizimwa upande wake.

"Alikuulizia, Kariuki," nikamwambia. "Mara mbili. Na simu nilikuwa nayo."

Sikujitetea, kwa mara ya kwanza. Mvua halisi ilikuwa imeanza kugonga mabati yangu, na nadhani aliisikia, kwa sababu mimi nilimsikia akipumua. Dakika tatu zilipita, zikapita nyingine, na hakuna kati yetu aliyesema imerudi.