Kilima Kinapoisha

Homa Bay, Jumanne. Asubuhi ya mawingu mazito.

Mjukuu wangu Akinyi, sisi tu wazima. Shangazi yako amejifungua msichana.

Katika barua yako unasema chavua, ule unga wa maua, mliyoitoa wewe na wenzako kwenye tope la bahari inaonyesha kwamba miti ya milimani ilishuka enzi za baridi, kisha joto likaipandisha. Unaniuliza itakwenda wapi ikifika kileleni.

Nilipokuwa msichana, ziwa liliingia nyumbani. Baba alikataa tuhame bila jogoo, kwa kuwa boma jipya halianzishwi bila jogoo.

"Mtafute majini, labda anaogelea!" mama alimfokea.

Tulimpata, tukahama. Maji yakatufuata, tukasogea mpaka kileleni mwa kilima.

"Yakifika hapa je, Baba?" nikamwuliza.

Baba hakuwa na kawaida ya kukosa jibu. Siku hiyo alinishika mkono tu.

Maji yalikoma. Hilo joto, sijui kama litakoma.

Jana nilipata usingizi saa tisa usiku, kwa kuiwaza miti yako.

Bibi yako, Dani