Moto wa Zizini

Kibirichia, 4 Februari 2025

Binti yangu Gatwiri,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu. U mzima huko Embu? Mimi mzima, ila moshi wa jikoni haujayahurumia macho. Barua namkabidhi jirani Marete, anateremsha viazi huko. Simu na mimi hatuelewani.

Wazazi wa Mwaniki wakija kuleta mahari, nitaukata ule mti wa mukima uwe kuni za karamu. Usinune! Mtambo wa gesi ya samadi ulionijengea unachemsha maji ya kuoga vizuri, lakini wakwe hawapikiwi kwa mavi ya ng'ombe. Watasema nini huko kwao Mbeere?

Mama yako.

Embu, 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa macho. Mimi nashinda chuoni nikiwaambia wanafunzi kwamba jua, upepo na samadi vitatupikia bila kuizidishia dunia joto, kumbe mama yangu ananoa shoka! Mukima ule marehemu baba aliupanda nilipozaliwa. Ukianguka siku ya mahari yangu, nitalia mbele ya wakwe, na aibu nitakuachia wewe. Huko kwa kina Mwaniki mvua imekuwa kigeugeu. Wanajua thamani ya mti. Pika kwa gesi, tafadhali.

Mwanao, Gatwiri.

Kibirichia, 3 Machi

Gatwiri,

Mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa. Nilikusikiliza, nikaficha shoka. Halafu nikaona wageni wasije wakasikia harufu: nikasugua zizi lote kwa dawa ya choo, maji yakateremka mtamboni. Sasa jiko haliwaki hata nikilibembeleza, na wageni ni mwisho wa mwezi. Shoka nimelitoa tena. Nifanyeje?

Mama yako.

Embu, 6 Machi

Mama,

Pole, ingawa nimecheka hadi wenzangu wakachungulia mlangoni. Wewe si ndiye uliyenifundisha kuchachusha uji? Ukikiosha kibuyu kwa sabuni, uji utachacha? Mtamboni mna vijidudu vinavyochachusha samadi, nawe umevimaliza kwa dawa. Zoa tope lile lenye dawa, kisha mwombe Marete tope la mtambo wake, ulimimine kama masalia ya uji wa jana. Uulishe mtambo samadi safi polepole.

Shoka lirudi lilikotoka!

Mwanao.

Kibirichia, 2 Aprili

Binti yangu,

Umefika salama? Mimi nina furaha mpaka naona haya.

Siku ile ya mahari ulikuwa sebuleni umeinamisha kichwa mbele ya wazee, ya jikoni hukuyaona. Mama Mwaniki aliniingilia nikikoroga nyama kwenye jiko la gesi, lililokubali kuwaka tena. Akauliza, "Mama Gatwiri, mtungi wa gesi uko wapi?" Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. Nikampeleka zizini, nikangoja anicheke.

Akacheka kweli, leso ikamwanguka. Akasema, "Na sisi tulidhani tumekuletea mtamba wa maziwa. Kumbe tumekuletea kuni!"

Huyo mtamba nimemfunga kivulini, chini ya mukima wa baba yako. Anakula vizuri. Njoo Pasaka, nikupikie chai kwa moto wa mahari yako.

Mama yako, asiye na moshi.