Haikuwa Baridi, Neema

Mdogo wangu Neema,

Juzi nilimpelekea mtaalamu wa viungo muundi wangu wa kushoto. Nilikuwa nimeanza kukimbia ili nipunguze kitambi unachokicheka, nikavamia lami ya hapa mtaani kwetu Ramadhani kila asubuhi kama kijana. Wiki ya tatu mfupa wa mbele ukaanza kuuma. Alipoubonyeza niliruka. Akasema mfupa na nyama zinazoushika vimechoshwa na mbio za ghafla: nipumzike, niweke barafu, na nikirudi nianze kidogo kidogo, kwenye majani, na viatu vyenye soli nzuri.

"Na maumivu yakipotea ukishapata joto, usidanganyike," akaongeza. "Mwanzoni huwa hivyo."

Palepale nikakukumbuka.

Ulikuwa kidato cha tatu, nami kocha wako wa kujipachika. Ulisema, "Kaka, mguu unauma hapa mbele." Nikakujibu kwa uhakika wa mtu wa Njombe, ambaye kwake kila ugonjwa ni baridi: "Baridi imekuingia kwenye mfupa. Kimbia, utapata joto." Jioni mama alikukanda kwa maji ya moto, asubuhi nikakuvalisha soksi mbili na kukurudisha barabarani. Na kweli, tukifika kwenye shamba la miti ulikuwa huchechemei tena. Nikajiona mganga.

Wiki moja kabla ya mchujo wa timu ya mkoa ulishindwa hata kukanyaga. Baba akaniuliza kuna nini, nikamwambia umeanza uvivu. Ulikuwa umesimama mlangoni, ukasikia. Viatu ukampa binti wa jirani, na hukukimbia tena.

Sasa unauza mahindi Makambako, na nyumbani huji ila kwa msiba. Wageni wakija, baba huwaambia yule angefika mbali, tatizo uvivu. Mimi huendelea kunywa chai. Miaka yote hiyo, Neema, nimekunywa chai.

Naandika wazi kwa sababu uvivu wako niliutangaza wazi. Jana nilimwambia baba ukweli. Akaniuliza, "Na mwenyewe umemwambia?"

Ndiyo maana nakuambia. Hukuwa mvivu. Uliumia, ukasema, na mimi ndiye niliyekukimbiza. Nisamehe.

Ni mimi kaka yako, ninayechechemea sasa.