Mapasa Hawaimbiwi Ndani

Mama wangu,

Huku kwetu Dilala kumenyamaza mpaka masikio yananiuma. Siwezi kukaa. Natoka uani, narudi ndani, nafungua dirisha, nalifunga tena. Ungekuwepo ungeniambia nikae chini nichambue mboga. Kambi yetu ya wachimbaji wa madini, ambayo karibu kila nyumba ilikuwa ya watu wa Kasai waliotaniana kutoka ua hadi ua, sasa nyasi zimefika madirishani. Nyumba nyingine zimeng'olewa milango, nyingine zina watu nisiowajua. Hata king'ora cha kampuni hakilii, maana kazi imekufa.

Unakumbuka siku ile pale gare, stesheni? Wenyeji walikuwa wamewafukuza, mkakalia mizigo yenu mkingojea treni ya kuwarudisha Kasai, kule ambako hata wewe hukuzaliwa. Mimi nilibaki kwa sababu mume wangu ni Mlunda, mwenyeji wa huku. Ulinishika mkono ukaniambia, "Usilie hapa, batakujua kama uko wa kwetu." Nikanyamaza. Mpaka leo nina hasira na kile kimya, mama, na wewe pia nina hasira nawe kidogo.

Sasa sikia. Nimezaa. Ni mapasa, msichana na mvulana: Mbuyi na Kabanga, kama desturi yetu inavyowaita watoto wanaozaliwa wawili. Na wewe, uliyekuwa ukiitwa kila nyumba yenye mapasa uongoze zile nyimbo za matusi, hupo. Ulikuwa unamtukana baba wa watoto mbele ya wakwe zake, makalio yake, uvivu wake kitandani, na wanawake wanajibu kwa vigelegele. Baba, mkatekista wa watu, mwalimu wa dini kanisani, aliziba masikio, lakini mguu wake ulikuwa unapiga chini. Sisi watoto tulifukuzwa, tukajificha nyuma ya jiko kusikiliza. Ulisema mapasa wasipoimbiwa wanakasirika, wanarudi walikotoka.

Kabanga alikataa ziwa. Nilimwambia mume wangu lazima niwaimbie. Akatazama nyumba ya ng'ambo ya barabara, anakokaa mama mmoja aliyehamia baada ya nyinyi kuondolewa. Huyo mama anasema ni mtu wa Tenke, si wa Kasai, na hacheki na mtu.

"Imba, lakini mu nyumba, pole pole," mume wangu akasema. "Ule mama akisikia Chiluba, luga yenu, kesho batakuja kukufukuza na batoto."

Sikumlaumu. Niliimba kwa kunong'ona, shuka kichwani. Mtoto akaendelea kulia.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Musumba, kwao Walunda, kunisaidia, ndiye aliyechoka na kule kunong'ona. Asubuhi aliniwekea Kabanga mkononi, yeye akambeba Mbuyi.

"Kwetu pia mapasa habaimbiwe mu nyumba," akasema. "Fungua mulango."

Nikatoka. Nikaanza na ule wimbo wa mume mvivu. Mume wangu mwenyewe alisimama mlangoni na beseni, kichwa chini, anacheka huku anaogopa. Mama mkwe hakujua maneno, akapiga makofi. Kisha ikafika pale wanawake wanapojibu, nikanyamaza kwa mazoea, nikiwaachia nyinyi. Hapakuwa na mtu.

Sauti ikajibu kutoka ng'ambo. Nyuma ya mlango uliofungwa, yule mama wa Tenke alijibu kwa Chiluba, kila mstari na matusi yake yote, mpaka wimbo ukaisha. Mlango haukufunguliwa.

Jioni tulikutana bombani. "Jambo, mama," akanisalimu kwa Kiswahili, akajaza ndoo yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Nami nikamtwika ndoo.

Kabanga ananyonya kidogo. Sijui ni nani mwingine alisikia, wala kama watakuja. Kila pikipiki ikipita nasimama. Lakini kesho asubuhi nitatoka tena na watoto wangu, na sauti yangu peke yake ni nyembamba, unaijua. Popote walipokushusha, mama, jua likichomoza, nisaidie kujibu.

Binti yako uliyemkataza kulia