Jina Nililokutunzia

Shinyanga, 9 Februari 1969

Dada yangu Febronia,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui ninyi huko na mama na kifua chake. Shule nimefika salama. Asubuhi wanapoita majina na kusema "Febronia Bartholomeo" nakaa kimya mpaka jirani anipige kiwiko. Mtihani wa darasa la saba ulifaulu wewe, na nafasi nimekuja kuikalia mimi niliyefeli, kwa kuwa ng'ombe wa mahari wa Kamili walikwisha kuingia zizini na baba akasema nafasi isiozee nyumbani. Siku ile ulinivulia hata viatu vyako. Sitasahau, dada.

Niliahidi kwamba nikifundishwa mimi nawe umefundishwa. Basi kila barua nitakuletea neno moja la Kiingereza na maana zake zote, nanakili kwenye kamusi ya shule. La kwanza ni "keep". Kuweka. Kutunza. Kufuga, kama ng'ombe. Kushika, kama ahadi. Kuficha, kama siri. Na ya mwisho, kukaa na kitu moja kwa moja bila kukirudisha. Mwalimu anasema neno hili ni kama kisu cha jikoni, hakuna kazi linayoikataa.

Jina lako nakutunzia, na cheti chako nimekilaza ndani ya Biblia. Tafadhali juu ya bahasha andika Febronia. Ukiandika Lukresia nitafukuzwa.

Mdogo wako.


Ushirombo, 4 Mei 1969

Mdogo wangu wewe,

Marahaba. Mama kifua kimepungua, anakusalimu. Barua yako niliichukua dukani kwa Rajabali. Akasoma mbele, akageuza nyuma, akaniuliza, "Febronia anamwandikia Febronia?" Nikamwambia kwetu jina hilo ni la ukoo. Tulicheka wote, kila mtu na lake.

Ndoa yetu ilifungwa Jumamosi iliyofuata Pasaka. Baada ya misa Padri alifungua kitabu cha ubatizo, akaandika pembeni ya jina langu kwamba nimeolewa na Kamili. Kwa hiyo mimi sasa niko mahali pawili: kanisani ni mke wa mtu, Shinyanga niko kidato cha kwanza. Hata Kamili alicheka.

Neno lako nalisema ninapotwanga, mchi ukishuka maana moja: weka, tunza, fuga, shika, ficha. Ile ya mwisho huwa naisahau. Leta neno la pili upesi. Na usome, ebo! Ukipata sifuri nimeipata mimi.

Nakutumia michembe kidogo, viazi vitamu nilivyovikausha mwenyewe.

Dada yako.


Shinyanga, 17 Septemba 1970

Dada,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Usione kimya, masomo ni mengi. Likizo sitakuja, nimealikwa kwao rafiki yangu. Neno la pili nitalileta nikipata nafasi. Michembe asante, ila usitume tena, wenzangu wananicheka.

Mdogo wako.


Ushirombo, 10 Januari 1977

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na hongera ya ukarani, ingawa nimeisikia kwa watu. Tangu tumzike mama nimekuandikia barua nne, na majibu sijaona. Si kitu, labda posta.

Mimi afya ninayo, raha sina. Kamili alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, huu mwaka wa pili. Waliotoka huko wanasema ana nyumba nyingine na mwanamke ndani yake. Nimebaki na binti yangu Generosa na wadogo zake wawili, tunaishi kwa jembe langu.

Sasa sikia. Shule mpya zinafunguliwa kila kijiji na walimu hawatoshi. Serikali inachukua watu waliofaulu darasa la saba, wanajifunza ualimu hapa hapa huku wakifundisha. Mratibu wa elimu ananikumbuka. Aliniuliza, "Febronia, si ndiye wewe uliyekuwa wa kwanza?" Lukresia, nililia mbele za watu.

Anachotaka ni cheti tu, kabla ya mwisho wa Februari. Wewe shule umemaliza, una vyeti vikubwa. Kile kidogo nirudishie, kitume kwa rejista. Kimya chako kikizidi nitakuja mwenyewe.

Dada yako.


Ushirombo, 6 Machi 1977

Lukresia,

Hali yako sikuulizi, nimekuona kwa macho yangu kuwa umenenepa.

Nilitoka hapa, nikalala Kahama, nikafika kwako Ngokolo na vumbi mpaka kwenye kope. Ukafungua mlango. Ndani amekaa Otmar, mchumba wako, nawe bila hata kumeza mate ukasema, "Huyu ni dada yangu Lukresia wa kijijini, hakubahatika kusoma." Na mimi mjinga nikaitikia. Nimeitikia jina lako kwenye nyumba yako, nikanywa chai yako!

Kule jikoni ukaniambia cheti kimo kwenye faili lako la kazi, kikitoka utaulizwa maswali. Ukanipa doti ya kanga. Nimemvisha mama mkwe, mimi siwezi kuivaa.

Nafasi amepewa Donatus, yule aliyekuwa akichungulia daftari langu. Kesho Generosa anaanza kufundishwa naye.

Maana ile ya mwisho sasa siisahau tena.

Dada yako.


Shinyanga, 20 Juni 1978

Dada yangu wa tumbo moja,

Shikamoo sana. Watoto hawajambo? Najua una kinyongo, lakini damu haitupwi, ndiyo maana nakukimbilia wewe.

Mimi na Otmar tunataka kufunga ndoa Agosti. Padri wa hapa alitaka cheti changu cha ubatizo, akaandika huko parokiani, akajibiwa kwamba Febronia Bartholomeo alikwisha kuolewa na Kamili mwaka 1969. Nimemwambia Otmar karani wa parokia alikosea. Ameniamini, ila mama yake ananitazama vibaya.

Nenda kwa Padri, dada. Mwambie aliyeolewa mwaka ule ni Lukresia, wakakosea kuandika. Ni mstari mmoja tu wa kufuta. Na wewe unapoteza nini? Kamili mwenyewe hayupo.

Nakuomba kwa magoti.

Mdogo wako.


Ushirombo, 9 Julai 1978

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto hawajambo, nashukuru kwa kuwauliza, ni mara ya kwanza.

Darasa ulinichukulia, kazi ukanikosesha, sasa unataka na ile misa yangu. Kamili kanitupa, ni kweli, lakini nilikula kiapo kwa mdomo wangu mimi, na wanangu hawakuzaliwa na kosa la karani.

Kwa Padri nilikwenda kama ulivyoomba. Hakufuta kitu. Nilimwomba afungue ukurasa mwingine, tukalikuta lako: Lukresia, binti Bartholomeo. Pembeni yake peupe. Hajaolewa, hadaiwi neno na mtu. Tangu uondoke nimewakemea wote waliotaka kulitumia, hata shangazi alipotaka kumpa Generosa nilikataa, nikasema lina mwenyewe atarudi. Nimekutunzia, Lukresia, kama nilivyodhani na wewe unanitunzia langu.

Cheti chako cha ubatizo kimo humu. Jina la kuolewa nalo ni hilo, huna jingine.

Barua hii sikuileta nyumbani kwako, nimeituma ofisini. Juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa LUKRESIA BARTHOLOMEO. Anayegawa barua atazunguka akiuliza huyo ni nani. Inuka uitike.

Dada yako,
Febronia.