Kumsemea Kalisto

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Vipi goti, limekubali kupanda ngazi za saluni? Mimi mzima, ila furaha inanivuruga hata sili vizuri. Mama, tunakaribia kuchagua! Makazi ya kwanza ya watu kule kwenye sayari ya Mshtarii yatajengwa juu ya mmoja wa miezi yake, na imebaki miwili tu mezani: Yuropa na Kalisto. Yote imejaa barafu, na barafu ndiyo maji ya kunywa, ndiyo hewa ya kuvuta, ndiyo mafuta ya vyombo vya angani.

Yuropa ni mrembo: mweupe, laini, na chini ya barafu yake kuna bahari. Kila mtu anamtaka, hasa bosi wangu, Profesa. Kalisto ana sura ya mtu aliyeugua ndui. Lakini Yuropa yuko karibu mno na Mshtarii, na huko mionzi ni mikali. Ukitembea nje siku moja tu, umekwisha. Kalisto yuko mbali, ametulia. Nitamsemea Kalisto mbele ya kamati nzima. Profesa ndiye aliyenishika mkono tangu chuoni, na sasa nitampinga hadharani. Niombee.

Mwanao,
Kitinda

15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti linanung'unika ila linatii. Barua yako niliisoma kwa sauti saluni, na hapo ndipo nilipoharibu kazi. Bibi harusi mtarajiwa, dawa imemjaa kichwani, akasimama: "Mimi Yuropa! Nani akaishi kwa huyo mwenye ndui?" Muuza vitambaa wa mlango wa pili akamjibu, "Mume umechagua kwa sura, basi mwezi tuachie sisi!" Tulicheka mpaka dawa ikakaribia kumuunguza.

Mionzi siijui, nakujua wewe. Ukisema jambo zito unatazama viatu. Safari hii mtazame Profesa usoni. Mpe heshima yake yote, kisha useme.

Lakini hujaniambia: nani watakaokwenda kuishi huko? Mama zao wanajua?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo ya mbio mbio. Ni KALISTO!

Chumba kilifurika, wengine wamekaa madirishani. Nikasimama, nikamtaja Kalisto. Profesa akasema, "Bahari iko Yuropa. Kila tunachotafuta kiko Yuropa. Wewe unataka utupeleke jalalani?"

Nikamtazama usoni. "Profesa, Yuropa tutapeleka roboti. Lakini binadamu atataka kufungua mlango atoke nje. Angekuwa mwanao, ungemfungulia mlango wa Yuropa?"

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Nisingemfungulia," akasema, na mkono wake ndio uliotangulia kwenda juu. Baada yake mikono ikaota chumba kizima! Tulikumbatiana, tukamwaga birika la chai juu ya ramani, na hakuna aliyejali. Profesa akaninong'oneza, "Umenishinda, na sijui kwa nini nina furaha hivi."

Wasalimie wote saluni, na bibi harusi asininunie.

Mwanao,
Kitinda

20 Juni

Kitinda,

Hujambo? Mimi nilikuwa sijambo mpaka jana. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Jana kaka yako kaja kula, kidogo kidogo maneno yakamtoka: eti umepimwa moyo, macho, meno mpaka mifupa. Mtu wa ofisini anapimwa mifupa ya nini? Swali langu hukulijibu. Nauliza tena: nani watakaokwenda?

Mama yako

26 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo.

Ni mimi, Mama. Nimo katika kundi la kwanza. Nilipoona mkono wa Profesa uko juu nilijua siwezi kuwachagulia watoto wa wenzangu pa kuishi, halafu mimi nibaki na kiti changu cha kuzunguka. Na zaidi ya hayo, nataka! Ni miaka mingi, na huko salamu yangu itachukua karibu saa nzima kukufikia. Ukisema hapana, nitaomba jina langu lifutwe, wala sitakulaumu. Ukisema ndiyo, mwezi ujao tunahamia kambini kwa mazoezi, na nywele wananyoa zote.

Mwanao,
Kitinda

12 Julai

Kitinda wangu,

Marahaba. Nilinuna, sikufichi. Nilifunga saluni, nikamnunia hata kaka yako asiye na kosa. Jana jioni mteja wangu mmoja, mwalimu wa fizikia, alikuja na darubini, akaitega mbele ya mlango. "Mama, ukitaka kumchukia, basi umwone kwanza."

Nikainama. Nikaona Mshtarii, mviringo wenye mistari, na pembeni vinukta vinne. "Kile kilichojitenga kabisa ndicho Kalisto," akasema. Mwanangu, nilipiga ukelele mpaka muuza vitambaa akatoka na mkasi mkononi! Kinang'aa! Uliniambia kina ndui, hukuniambia kinang'aa! Mtaa mzima ukapanga foleni, na kila aliyeinama nilimwambia, "Pale ndipo mwanangu anapohamia." Nilikuwa sijaamua, mdomo ukaamua wenyewe.

Nenda. Jina lisifutwe. Ila hao wa kambini waambie kichwa chako wasikiguse. Nakuja Jumamosi na mashine yangu, nikunyoe mwenyewe.

Mama yako